Askari Aliyelambwa na Ng'ombe

Kahindo mwanangu,

Nguo umeshazikunja, na zile ulizokunja vibaya nimezikunja upya, kwa hiyo hayo tuyaache. Mambo ya kula vizuri, kusali, na kutompa kila mtu nambari yako ya simu, wamama wa kwaya unakoaga sasa hivi watakuambia mpaka uchoke. Mimi nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili hatuzungumzi. Tunapishana jikoni kama wapangaji, na kesho alfajiri lori la Kisangani linaondoka. Nikisema kwa mdomo tutagombana. Kichwa chako kigumu ulikitoa kwangu, na mimi changu sijakipunguza.

Kwanza nikuambie nilichofanya, usije ukakigundua mwenyewe ukapiga kelele. Makete yako, ule mfano mdogo ulioutengeneza, iko mezani chini ya shuka. Nyumba ipo, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ipo, Koko yupo na kibuyu chake cha maziwa, na mimi mdogo nipo nimenyoosha mkono. Ng'ombe na yule askari hawapo. Nimewatoa mimi, leo mchana, kwa kile kisu chembamba ambacho baba yako anakatia sabuni dukani. Hawajavunjika hata sikio. Keti, soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunikasirikia nikasirikie vizuri.

Shule ya Kisangani ilipokuandikia kwamba kila anayeingia alete kazi moja ya mikono yake, nilidhani utachora maua. Wewe ukaenda kwenye sanduku la bati la Koko, marehemu mama yangu, ukatoka na ile picha. Picha pekee ya wakati wa vita tuliyo nayo humu ndani: sisi kando ya barabara pale Bihambwe, mbele ya nyumba ya mnunuzi wa maziwa, siku tulipokimbia kutoka Karuba. Ulisema utaisimamisha. Nilicheka. Nilifikiri utafinyanga ving'ombe vya udongo kama tulivyofinyanga sisi utotoni, vyenye miguu minne minene na pembe zinazokatika. Nilikudharau, nakiri, na nilikuwa nimekosea vibaya.

Maana wiki zile zote nyumba yangu iligeuka karakana. Uji wangu wa muhogo uliuchanganya na magazeti ukatengeneza vilima. Kamba yangu ya katani uliichambua ikawa majani. Makopo ya nyanya uliyapiga nyundo yakawa mabati ya paa, ukayapaka maji ya chumvi yapate kutu, na mimi nilikuwa natafuta chumvi ya kupikia sioni. Nyaya za chaja zilizoungua zikawa mifupa ya watu na ng'ombe, udongo ukawa nyama yao. Nilikuwa napiga makelele mchana, na usiku ukilala nainama kutazama. Sikukuambia kamwe kwamba ilikuwa nzuri. Nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa ni bahili wa maneno mazuri.

Kilichoniogopesha kilianza na vipimo. Ulisema huwezi kujua ukubwa wa kitu chochote kwenye picha mpaka ujue kimoja kwa hakika. Mimi sikukumbuka urefu wa mlango wala ukuta. Ni baba yako, aliyesukuma chukudu ujana wake wote kabla ya kupata duka, aliyeweka kidole kwenye picha.

"Chukudu ya namna hii iko na meta mbili," alisema. "Nilibebaka makabichi na hii mpaka mabega ikatoka malengelenge. Pima hii, njo utajua vyote."

Ukapima. Kila meta moja ya kweli ikawa sentimeta tano za kwako, na kutoka kwenye ile chukudu ukaanza kumpata kila mtu urefu wake. Jioni moja ukaja jikoni na rula mkononi.

"Mama, huyu solda iko mufupi. Anapita Koko kidogo tu."

"Pengine ulipima mubaya," nikasema.

"Nilipima mara mingi. Koti njo kubwa, na bunduki njo inamuonyesha mukubwa. Mama, huyu ni mutoto. Ni mudogo kuliko mimi."

Nilikujibu kwamba vita haichagui, inachukua wakubwa na wadogo, halafu nikasema naenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage jikoni siku ile. Nilitoka nikasimama nyuma ya choo nikalia, kwa sababu katika kichwa changu yule mtu alikuwa mrefu. Miaka yote hii alikuwa mrefu kuliko mlango, na wewe kwa rula ya shule ulimrudisha kuwa alivyokuwa, kijana asiye na ndevu ndani ya koti la mtu mwingine.

Ukaendelea. Ukaazima miwani ya baba yako ukaishika juu ya picha kama kioo cha kukuzia, na kila ulichokiona ukakitengeneza. Ulikuja tena kuniuliza.

"Juu ya nini hii ngombe inamulamba?"

"Ngombe inapenda chumvi," nikasema. "Alikuwa na jasho."

Haukubishana. Ulitengeneza ulimi ule mdogo, ukaugusisha kwenye mkono wa koti lake. Ukampaka na kile kitambaa alichofunga juu ya kiwiko, kwa rangi yake ile ile, ambayo mpaka leo watu wa huku wakiiona wanajua ni ya kundi gani la wapiganaji. Na mimi mdogo ukaniweka nimenyoosha mkono, ukamwambia baba yako kwamba Mama alikuwa anamwomba askari asichukue ng'ombe wao. Nilisikia. Sikukusahihisha. Niliona afadhali iwe hivyo.

Sasa tufike kwenye ile Alhamisi ya mvua, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Unamkumbuka yule mchungaji aliyekuwa anapeleka ng'ombe wa kuchinja machimboni. Aliingia barazani kujikinga, fimbo kwapani, koti linachuruzika maji, na makete ilikuwa pale mezani kwa sababu ulitaka gundi ipigwe na hewa. Wateja wa kwetu walikwisha kuitazama wote, na dereva wa lori pia, na hakuna aliyesema zaidi ya "umefanya vizuri." Watu wa msituni hawajui ng'ombe. Yule alikuwa mtu wa Masisi, kule kwetu tulikotoka. Aliinama, na kwanza alicheka kwa furaha.

"Nani alitengeneza hii ngombe? Iko sawa ngombe ya kwetu kabisa."

Wewe ukajitokeza, umejaa fahari. Nilikuona jinsi ulivyojifuta mikono kwenye sketi. Yeye akaendelea kuinama, kisha kicheko kikamwisha. Alikuwa ameona kitambaa.

"Na huyu?"

"Solda fulani," ulisema. "Alikuwa anapita njia."

"Hapana, dada. Ngombe ya kwetu haiwezi kulamba muntu anapita njia, tena na bunduki. Ona masikio imelala. Ona mukono yake, anamukuna chini ya shingo, pale pale mwenye kukamua anakunaka. Huyu alikamuaka hii ngombe. Huyu ni mutoto wa hii nyumba."

Akasimama wima. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi.

"Mama, huyu alikuwa nani wenu?"

Kahindo, nilikuwa na muda wa kutosha kusema kitu kingine. Ningeweza kusema ni habari ndefu. Ningeweza kumpa chai. Nikasema, "Hatumujue. Ni foto tu."

Alinitazama jinsi watu wa kwetu wanavyomtazama mtu aliyemwaga maziwa kwa makusudi. Mvua ilikuwa bado, lakini alifunga koti lake. "Haya," alisema. "Mimi ninapita njia ya Walikale. Barieri ziko mingi, nitafika polepole." Akaenda zake na ng'ombe wake, na mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango.

Yuko mbele yetu mpaka sasa. Ng'ombe hawana haraka. Kwenye kila kizuizi atasimama, atatoa kitu, atakaa kidogo kwenye moto na wale vijana wa silaha wanaokilinda, na watu wakikaa kwenye moto wanazungumza. Huenda hatasema lolote, huenda ni mtu mwema. Lakini wewe kesho unapita barabara ile ile na sanduku lenye askari mdogo aliyefunga kitambaa kile, na wengi wa wale vijana walichunga kabla ya kushika silaha. Watafungua sanduku, maana wanafungua kila kitu. Wataona alichoona yeye, na watakuuliza alichoniuliza yeye. Na siyo wao tu. Humu Kibua kuna nyumba, unazijua kwa majina, zilizopoteza watu kwa mikono ya waliovaa kitambaa kile. Tunakopa chumvi kwao.

Ndiyo maana nilikuambia ugeuze kichwa cha ng'ombe, au umtoe yule mtu kabisa. Na wewe ukasema, "Foto iko vile, Mama. Siwezi kuidanganyisha. Na wewe unanificha kitu." Nami, badala ya kukuambia, nikakuambia basi usiende Kisangani. Nilisema hivyo mbele ya baba yako, na ilikuwa Jumapili, tumetoka kupokea komunyo. Lilikuwa neno baya. Nilijua ni baya lilipokuwa bado mdomoni, na nikaliachia. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine.

Yule ni kaka yangu. Anaitwa Fidele. Alifuatwa na mimi, hakuna mwingine kati yetu. Ni mjomba wako.

Nimeandika, na mkono haukukauka. Ngoja niendelee kabla sijaogopa tena.

Sitakudanganya kwamba alitekwa. Wengi walitekwa, na mama zao wana haki ya kusema hivyo. Yeye alikwenda mwenyewe. Ng'ombe wetu walichukuliwa wote katika asubuhi moja, akabaki Gaju peke yake kwa sababu alikuwa anazaa na Fidele alikuwa amemficha bondeni, amelala naye kwenye matope. Baada ya hapo hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Koko alimshika miguu, alimshika kweli, kifuani mwake, na yeye alimtoa mikono taratibu akaondoka. Alichofanya huko sikijui. Kuna siku natamani kukijua na kuna siku namshukuru Mungu kwamba sikijui. Wale majirani zetu wanajua walichofanyiwa. Usije ukamfanya mtakatifu kwa sababu ng'ombe alimpenda. Lakini usimfanye mpita njia.

Asubuhi ya picha alikuja Karuba na ukungu, tukasikia tu buti. Alisema, "Mutoke sasa. Musipike." Koko akasema haendi bila Gaju, maana ndama alikuwa amekufa na maziwa yalikuwa yamejaa, ng'ombe akiachwa hivyo anaumwa. Hebu fikiri, vita iko nyuma ya kilima na mama yangu anabishana juu ya chuchu za ng'ombe. Fidele hakumbishia. Alichutama akamkamua pale pale, kwa haraka, na bunduki mgongoni, maziwa mengine yakaingia kwenye kibuyu na mengine kwenye matope, na ndipo tukaenda.

Kwenye kila kizuizi alitutangulia. Alikuwa anatuambia tusimame, anakwenda kuongea nao, na sisi tunabaki na Gaju kwenye mvua, hatujui kama wanaorudi watakuwa yeye au wengine. Koko alikuwa anasali bila sauti, midomo tu. Mimi nilikuwa naangalia masikio ya Gaju. Akiyasimamisha, najua anayekuja ni mgeni. Akiyalaza, najua ni Fidele, na ninapumua kabla sijamwona. Kwa hiyo ulipoyalaza yale masikio madogo ya udongo, mwanangu, ulinirudisha kule, na haukujua.

Pale Bihambwe kulikuwa na kijana mmoja mwenye kamera, anawapiga picha waliokimbia. Alisema watu wanapotezana, na picha inasaidia kutafutana. Koko akataka. Fidele akavuka upande wa pili wa njia.

"Mimi hapana," alisema. "Hii foto inaweza kubauwisha."

Koko alijua picha kama ile ingeweza kutuua, akasema, "Ni kweli. Kaa kule." Nilimchukia Koko kwa yale maneno, na alikuwa sahihi. Tukajipanga mbele ya nyumba ya mnunuzi wa maziwa, mimi nimeshika kamba. Kijana akatuambia tusitikisike. Na Gaju akaondoka. Alinivuta, kamba ikanichoma kiganja ikanitoka, akavuka njia kwa mwendo wake wa pole kama anayekwenda kunywa maji, akafika kwa Fidele akaanza kumlamba mkono. Fidele alimsukuma mara moja. Kisha akamshika shingo, hakumsukuma tena, na akaja naye mpaka karibu yetu kumrudisha. Kijana akabonyeza.

Kwa hiyo mimi kwenye picha sikuwa namwomba askari asichukue ng'ombe. Nilikuwa nanyoosha mkono kudaka kamba.

Alitusindikiza mpaka kona ya kwanza baada ya kijiji. Hakusema kwaheri, alisema Gaju akamuliwe kabla ya jua kutua. Hatukumwona tena. Hakuna habari, hakuna kaburi, hakuna mtu aliyesema nilimwona. Picha ilitufikia baadaye, yule kijana alituletea kwenye kambi ya wakimbizi na Koko aliificha ndani ya godoro. Tulipofika Kibua na kupata shamba, Koko alinipeleka mtoni kufua, akanishika kidevu kwa mkono wenye sabuni.

"Tuko bawili tu," alisema. "Wewe haukuwaka na kaka. Sema."

Nikasema. Akaniambia niseme tena. Nilirudia mpaka nikaweza kusema bila kupepesa macho, na ndipo akanipa sabuni niendelee. Simlaumu. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, na alimfunga mdomo ili abaki naye. Alikufa hajalitaja jina lile mbele yangu. Lakini mwaka wake wa mwisho, akili ilipoanza kumtoka, alikuwa akiamka asubuhi na kuuliza kama Gaju amekamuliwa, na wewe ulidhani anauliza habari za ng'ombe.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Siku ya mahari yangu alihitajika kaka wa kusimama upande wetu na kupokea wageni, kama desturi ilivyo, na tukaazima jirani. Nilimtazama jirani yule amevaa koti la watu, anajibu maswali ya kaka, na sikusikia kitu. Nilikuwa nimekwisha kuamini. Ulipokuwa mdogo ukaniuliza kwa nini wenzako wana mjomba wa kuwaletea ndizi na wewe huna, nikakuambia Mungu anagawa anavyotaka. Nilimsingizia hata Mungu.

Na ile Alhamisi nilimkana mbele yako, na mbele ya mtu aliyekuwa tayari kumwita mtoto wa nyumba yetu. Mgeni kabisa, na alimtambua kwa sentimeta saba za udongo. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja nikasema hatumjui. Sijalala vizuri tangu siku ile, na siyo kwa ajili ya vizuizi tu.

Nimefikiri sana juu ya nikuambie nini. Nilichokipata ni kidogo. Kunyamaza na kukana ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya. Kunyamaza kumetuweka hai, hilo silikatai. Kuna watu na kuna mahali ambapo usiseme chochote, na huko uendako utavijua kwa tumbo kabla ya kichwa. Lakini ukimkana mtu wako, kila mara inakuwa rahisi kidogo, na siku moja unamtazama usoni na hausikii kitu. Usifike hapo. Nyamaza kadiri unavyohitaji, lakini ndani yako umjue.

Leo mchana, baada ya kuwatoa kwenye makete, nilikwenda dukani nikamwambia baba yako yote. Alishusha mlango nusu ingawa kulikuwa na mteja wa mafuta. Alikaa juu ya gunia. Unamjua, hawezi kukaa kimya bila utani.

"Kumbe ile siku ya mahari nilisalimia shemeji wa kuazima?" alisema. "Na nilimupatia shati muzuri vile?"

Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia mizani, akajipaka unga usoni. Nikamwambia nilichoamua. Akasema atabeba yeye. Nikamwambia, "Wewe mwanaume, watakushusha wa kwanza." Alijua ni kweli. Akainuka, akaniletea kitenge kile cha zamani kilicholainika, akasema hicho hakitakwaruza rangi.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho sikusindikizi mpaka kwenye lori tu. Ninapanda na wewe mpaka Kisangani. Dereva amekwisha kuambiwa. Sanduku litakuwa magotini mwako, lina nyumba na chukudu na Koko na mimi. Wakikuuliza, sema ni nyumba ya zamani ya Koko wako, wala haudanganyi. Fidele na Gaju nimewafunga tumboni mwangu chini ya nguo, pamoja, sikuwatenganisha. Nisingeweza hata kama ningetaka, uliwaunga kwa waya mmoja. Nikitembea wananichoma kidogo. Nimekwisha kuzunguka nao jikoni kujaribu.

Wakinipekua na kuwapata, wewe hushuki. Kaa ndani ya lori. Usilie kwa sauti, usiniite mama, usiseme neno. Lori likiondoka, ondoka nalo. Najua ninakuomba kitu kile kile Koko alichoniomba, na najua kilivyonila. Tofauti ni kwamba wewe unajua jina. Usibishane na mimi juu ya hili asubuhi. Tumebishana vya kutosha juu ya chumvi na magazeti.

Na tukifika, maana ninakusudia tufike, utatoa gundi yako, utawarudisha mahali pao. Nimeacha alama mbili za penseli pale miguu ilipokuwa. Mimi nitasimama mlangoni na viatu vyangu vya matope, na ukiniona haya vumilia. Walimu wako watainama watazame. Mmoja atauliza huyu solda ni nani. Wewe ujibu, kwa sauti ya kufika mlangoni. Hata baba yako leo alisema "shemeji" tu, hakuthubutu zaidi. Tangu ile kona ya Bihambwe sijalisikia jina la kaka yangu kutoka mdomoni mwa mtu aliye hai. Nataka nilisikie kutoka kwako.

Mimi mama yako, niliye jikoni, nakusubiri urudi na mvua hii.